Wasichana Watano, Mbao Nne: Hoja ya Timu za Sataranji Kusini mwa Kwale

Sataranji si mgeni Pwani. Jina lake lilitufikia kutoka Uajemi kupitia Kiarabu, pamoja na shaha, mfalme wa mchezo huo. Lakini barazani, iwe bao au sataranji, wanaocheza ni wanaume. Msichana hupita na ndoo yake ya maji. Vijiji vya kusini mwa Kwale, kuanzia Gazi hadi Vanga, havijapungukiwa na vipaji. Kinachokosekana ni wingi wa wasichana wanaocheza pamoja.

Wingi huo una uzito wake. Mwaka 2009 mtafiti Merim Bilalić na wenzake walichunguza takwimu za wachezaji wa Ujerumani, wakalinganisha wanaume 100 bora na wanawake 100 bora. Asilimia 96 ya tofauti ya viwango ilitokana na jambo moja: wanaume wanaocheza ni wengi mno, na kundi likiwa kubwa, walio kileleni hufika juu zaidi. Georgia nayo ni ushahidi. Nona Gaprindashvili, mzaliwa wa Zugdidi, mbali na mji mkuu, alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake tangu 1962 hadi 1978, aliposhindwa na Mgeorgia mwenzake wa miaka 17, Maia Chiburdanidze. Wasichana wakawafuata kwa makundi, na nchi hiyo ndogo ikatwaa Olimpiadi ya sataranji ya wanawake mwaka 1992, 1994, 1996 na 2008.

Kwa hiyo siafiki mtindo wa kumsaka binti mmoja hodari na kumpeleka Nairobi. Hata Phiona Mutesi, mchezaji wa Uganda kutoka mtaa wa Katwe, alikuzwa na kundi la watoto waliokusanyika kwa kocha Robert Katende, na aliyemwonyesha mwendo wa kete alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Timu ya Olimpiadi hucheza mbao nne, na mmoja ni wa akiba. Mzazi anayesita kumwachia binti yake asafiri peke yake atapungukiwa na hofu wakienda watano na mwalimu wao wa kike.

Mipango mingi hufia kwenye saa ya mazoezi. Kibuyuni akina mama hulima mwani, na kazi hiyo hufuata bamvua: maji yakitoka, mama huteremka ufuoni, binti mkubwa akabaki na wadogo zake. Ukimwambia aje kila Jumamosi saa tisa, umekwisha kumfungia mlango. Mazoezi na yawe ndani ya saa za masomo, kabla kengele ya mwisho haijalia.

Liko pia suala la dini, wala haifai kulikwepa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, mchezo huu ni makruhu. Huwa haramu ukiingiwa na kamari au ukipitisha wakati wa sala. Masharti hayo yanatekelezeka. Mwalimu awaendee masheikh na wazazi kabla ubao haujatandikwa, asingoje lawama. Na adhana ikilia, saa za mchezo zisimamishwe.

Walimu wakuu wa Msambweni na Lungalunga, anzeni muhula ujao. Ubao huchorwa kwa makaa juu ya kadibodi, na vifuniko 32 vya soda vikiandikwa herufi vinatosha kuwa kete.