Miaka 25 ya Krismasi Chatsworth

Mwaka 2026 jumba la Chatsworth, huko Derbyshire nchini Uingereza, linatimiza miaka 25 tangu lilipopokea wageni wa Krismasi kwa mara ya kwanza. Zamani, Oktoba ikiisha, geti lilifungwa na halikufunguliwa tena mpaka Machi. Sasa Novemba na Desemba ni miezi ya pilikapilika: soko la Krismasi nje, miti iliyopambwa ndani, na wageni wanaokata tiketi zenye saa maalumu ya kuingia ili wasibanane kwenye korido.

Chanzo chake ni maradhi ya mifugo. Februari 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka Uingereza, njia za mashambani zikafungwa, na hadi ulipodhibitiwa wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wameuawa. Chatsworth imezungukwa na malisho ya kondoo mpaka ukingoni mwa mto Derwent. Msimu wa wageni ulivurugika, na nyumba inayoishi kwa viingilio haina pa kukimbilia mwaka ukiharibika. Ndipo wenyeji wakaamua kuifungua Desemba.

Shida kuzaa sherehe si jambo geni hapo, ingawa sherehe za mwanzo zilizaliwa na majivuno zaidi. Bess wa Hardwick na mumewe, William Cavendish, waliinunua ardhi hiyo mwaka 1549, na ukoo wao haujaondoka. Mzao wao, Duke wa kwanza wa Devonshire, alilijenga jumba upya kuanzia 1687, akaagiza na maporomoko ya maji yanayoshuka ngazi kwa ngazi mlimani. Lakini aliyeifanya bustani kuwa tamasha ni Duke wa sita, mtu ambaye hakuoa na hakuogopa kutumia fedha, pamoja na mkuu wake wa bustani, Joseph Paxton, aliyeajiriwa mwaka 1826 akiwa na umri wa miaka 22.

Paxton alijenga nyumba ya vioo ya mimea yenye urefu wa mita 84 hivi, pana kiasi kwamba magari ya farasi yalipita ndani yake. Desemba 1843 Malkia Victoria alipitishwa humo usiku, maelfu ya taa yakiwaka kati ya mimea ya nchi za joto. Inasimuliwa kwamba Duke wa Wellington, mzee wa vita, aliamka alfajiri kwenda kutazama taa zile zilipangwaje. Alikuta kila kitu kimeshaondolewa na bustani imefagiwa, akasema angependa kuwa na Paxton miongoni mwa majenerali wake. Aliyewahi kuandaa shughuli kubwa atamwelewa: kazi ni kusafisha, si kupamba.

Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba Tsar Nicholas wa Urusi angezuru. Paxton akachimbisha ziwa juu kilimani na kuteremsha bomba refu hadi bwawa la bustanini. Hakuna pampu, uzito wa maji peke yake ndio unaoyarusha juu, na yamewahi kupimwa yakifika mita 90. Kazi ilikwenda mchana na usiku. Tsar hakutokea. Bomba lipo, na watoto wanaoloweshwa na matone ya maji upepo unapogeuka hawana habari kwamba yaliandaliwa kwa ajili ya mfalme.

Kwa msomaji wa nchi za migomba, kuna jingine. Ndizi za Cavendish, zinazojaza maduka makubwa ulimwenguni, zilipata jina kwenye bustani hii, kutokana na mgomba ambao Paxton aliutunza hadi ukatoa maua mwaka 1835.

Reli ilipofika Rowsley, jirani na hapo, mwaka 1849, watu 80,000 walizuru kiangazi hicho. Lakini ile nyumba ya vioo ilikula makaa ya mawe kupita kiasi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta uhaba, mimea ikafa, na mwaka 1920 jengo likalipuliwa kwa baruti. Mahali pake leo pana vichochoro vya ua, ambamo wageni hupotea kwa hiari.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili jumba lilikaliwa na shule ya wasichana, kisha likafunguliwa tena kwa umma mwaka 1949. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1950, Duke wa kumi alifariki ghafla. Alikuwa amemkabidhi mwanawe mali yake, lakini sheria ilitaka aishi miaka mitano baada ya hapo, na zilibaki wiki chache tu. Kodi ya urithi ilikuwa asilimia 80. Mashamba yakauzwa, jumba jingine la familia, Hardwick, likakabidhiwa serikali, pamoja na michoro ya thamani, ukiwemo wa Rembrandt.

Duke wa kumi na moja, Andrew, na mkewe Deborah walihamia humo mwaka 1959. Kwa maoni yangu Deborah ndiye Paxton wa karne ya 20. Mwaka 1973 alifungua zizi ambako watoto wa mjini hutazama ng'ombe akikamuliwa, na mwaka 1977 likafuata duka la mazao ya shamba. Mwaka 1981 familia iliunda wakfu wa kulitunza jumba, na yenyewe hulipa pango kukaa humo. Kumekuwa na maonyesho ya mashambani, na sanamu kubwa zimewahi kusimamishwa bustanini. Si kila jaribio lilidumu: maonyesho ya maua yaliyoanza Juni 2017 yalipigwa na upepo mkali kabla hayajafunguliwa rasmi, na baada ya 2019 hayakurudi.

Ukarabati uliokamilika mwaka 2018 uligharimu pauni milioni 32, na paa peke yake lina ukubwa wa zaidi ya ekari moja. Lakini Krismasi nayo ina gharama yake. Zamani watunzaji walikuwa na karibu miezi mitano ya kukunja mazulia, kufuta vumbi vitabuni na kukagua dari zilizochorwa. Siku hizi mapambo hushushwa Januari, na mwezi wa tatu wageni wamesharudi getini.