Skyrim ilipendezeshwa na watu wasiolipwa

Wasee, mkiona zile picha za Skyrim zenye ukungu mlimani na jua likizama kama la ukweli, msiipe Bethesda sifa zote.

Gemu ilitoka 11 Novemba 2011. Ilikuwa kubwa ajabu, lakini anga lilikuwa la kijivujivu na usiku ulikuwa mwangavu hadi tochi ilikuwa pambo tu. Februari 2012 kampuni ikatoa Creation Kit, na mafundi wa nyumbani wakaingia kazini. Climates of Tamriel ikaleta mawingu mapya na usiku wa giza kweli. ENB ya Boris Vorontsov, programu inayokaa kati ya gemu na kadi ya picha, ikapiga upya hesabu ya mwanga na vivuli. Laptop ya ex-UK ingelia, lakini ukishaona hiyo anga, unarudije nyuma?

Hiyo yote ilikuwa bure. Aprili 2015, Steam ikaanza kuuza modi za Skyrim. Mtengenezaji angepata asilimia 25 pekee. Wachezaji wakawaka, na baada ya siku chache mpango ukafutwa.

Asilimia 25 ilikuwa dharau, sawa. Lakini baada ya kelele, fundi alibaki na ngapi? Sufuri. Ushindi ulikuwa wa wachezaji, si wake.

Kwa hivyo ukipakua modi ya hali ya hewa leo, soma jina la aliyeitengeneza. Kukiwa na mahali pa kuchangia, changa. Hata soo moja si mbaya.