Watoto wa Mashimo ya Makaa Katika Uingereza

Tukisikia habari ya utajiri wa Uingereza wa zamani, mara tunafikiri meli, gari la moshi na nguo za pamba. Lakini mashini zile zote zilikula makaa ya mawe. Na makaa hayo, nani aliyatoa chini ya nchi?

Tangu James Watt alipopata hati ya mashini yake ya mvuke, mwaka 1769, kazi ya mikono ya nyumbani ilianza kushindwa. Watu waliacha mashamba wakafuata viwanda. Mwaka 1851 wakaaji wa miji walikuwa wamekwisha kuwapita wale wa vijijini. Mara nyingi mshahara wa baba haukutosha, basi mama na watoto waliingia kazini pia.

Katika mashimo, mtoto wa miaka 7 au 8 alikaa gizani peke yake, akifungua na kufunga mlango wa hewa ili magari ya makaa yapite. Saa 12 kwa siku! Wakati wa baridi alishuka kabla ya mapambazuko, akapanda jua limekwisha kutua. Hakuliona ila siku ya Dominika. Wasichana wengine walivuta magari kwa mnyororo wa kiunoni, wakitambaa kama nyama.

Tarehe 4 Julai 1838, huko Silkstone katika Yorkshire, mvua kubwa ilisimamisha mashini ya kupandisha watu. Watoto waliambiwa wangoje. Wakachoka, wakashika njia nyingine. Kijito kilifurika kikaingia mle, kikawasukuma mpaka kwenye mlango, nao haukufunguka. Walikufa 26, wavulana 15 na wasichana 11.

Mwaka 1842 tume ya serikali ilitoa taarifa yenye picha. Maneno matupu labda wakubwa wangaliyasahau. Picha ziliwatia haya. Lord Ashley alitaka wavulana wa chini ya miaka 13 wakatazwe. Bunge likashusha, ikawa 10. Wanawake na wasichana wote walikatazwa kufanya kazi chini. Sheria ilikuwa ya haki, twasema wazi. Lakini mjane aliyeishi kwa kazi ile hakupewa kitu badala ya mshahara, na wengine waliendelea kushuka kwa siri.

Wengi wa wachimba makaa wenyewe hawakuwa na kura. Sheria ya mwaka 1832 iliwapa kura wenye mali ya kiasi. Wengi wa wachimbaji waliipata mwaka 1884 tu.