Mawe Yaliyotolewa Majini

Masomo: 1 Wafalme 21:1-19, Yoshua 4:1-9



Somo la leo linatupeleka mbali, hadi Wales, nchi ndogo ndani ya ufalme wa Uingereza. Kaskazini mwa nchi hiyo, karibu na mji mdogo wa Bala, kuna ziwa linaloitwa Llyn Celyn. Mtu akipita barabarani atasema, Mungu ameumba mahali pazuri. Lakini ziwa hilo halikuumbwa pamoja na milima. Ni maji ya mto Tryweryn yaliyozuiwa na ukuta mkubwa, ule tunaouita baraji. Chini ya maji hayo kulikuwa na kijiji cha Capel Celyn. Neno capel kwa lugha ya kule ni kapela, nyumba ya ibada. Kijiji chenyewe kiliitwa kwa jina la nyumba ya Mungu.

Anayefika kandokando ya ziwa hilo leo ataona jengo dogo la mawe, la ukumbusho tu. Karibu nalo yamewekwa mawe ya makaburi yaliyohamishwa kutoka makaburi ya kapela ya zamani. Na mwaka wa ukame mkali, kama 2022, maji hushuka na mabaki ya kijiji hutokea kwenye matope.

Kwa nini mchungaji wa Kongo awasumbue na habari za kijiji cha Wales? Kwanza, kwa sababu tuna deni kwa nchi ile. Mwaka 1800 msichana maskini wa miaka 15, Mary Jones, alitembea miguu mitupu karibu kilomita 40 juu ya milima hadi Bala, kwa mchungaji Thomas Charles, ili anunue Biblia ya lugha yake. Alikuwa ameweka akiba miaka mingi. Habari yake iliwagusa watumishi wa Mungu, na mwaka 1804 kikaundwa kule London Chama cha Biblia, kile kilichokuja kusaidia kuchapa Maandiko kwa mamia ya lugha, Kiswahili kikiwa ndani yake. Capel Celyn iko safari fupi tu kutoka Bala.

Tena, mwaka 1904 uamsho mkubwa uliwaka Wales, kijana Evan Roberts akiwa mmoja wa vyombo vyake. Moto huo uliwatayarisha wengi waliokuwa Wapentekoste wa kwanza wa Uingereza. Na kutoka Uingereza, mwaka 1915, William Burton na James Salter walifika Mwanza, hapa kwetu Katanga, wakianza kazi iliyozaa makanisa mengi ya Kipentekoste. Basi tukisikia kwamba kapela ya Wales ilizamishwa, hatusikii habari za wageni.

Bonde lile lilikuwa na watu 67 tu. Walikuwa wakulima na wafugaji wa kondoo. Walikuwa na shule yao, posta yao, kapela yao ya Kimethodisti, na makaburi ya wazee wao kando ya kapela. Walisali, walifundisha watoto na waligombana na kupatana kwa Kiwelisi, lugha yenye Biblia kamili tangu 1588. Shule ya Jumapili katika nchi ile haikuwa ya watoto peke yao. Wazee nao waliketi na Biblia magotini. Na zamani zaidi, shamba moja la bonde hilo, Hafod Fadog, lilikuwa mahali pa kukutania na kuzikana kwa Wakristo walioitwa Marafiki, au Wakweka. Hao waliteswa kwa imani yao, na baadhi wakahamia Pennsylvania kule Marekani. Kwa hiyo bonde lilijua maombi kwa miaka mingi.

Kisha mji mkubwa wa Liverpool ukahitaji maji. Tuseme kweli, ndugu zangu: haja hiyo haikuwa ya uongo. Liverpool ilikuwa imepigwa mabomu wakati wa vita, watu wengi wakiishi katika nyumba mbovu, na viwanda vikidai maji. Maji si dhambi. Sisi tunaopanga mabidoni kwenye bomba tangu saa kumi za usiku hatuwezi kumlaumu mtu anayetafuta maji.

Dhambi ilikuwa katika njia. Mwisho wa mwaka 1955 watu wa bonde walipata habari kwamba kijiji chao kitazamishwa, na waliisoma gazetini. Hakuna aliyekuja kukaa nao kwanza, akawauliza, «Ninyi mnasemaje?» Na ili asilazimike kuomba kibali cha viongozi wa mahali pale, mwenye haja alipitia Bungeni moja kwa moja, London, atafute sheria yake mwenyewe.

Hapa ndipo tunapomkuta Nabothi. Ahabu naye hakuanza kwa kuua. Alianza kwa kuongea vizuri: nipe shamba lako, nitakupa lingine lililo bora, au nitakulipa fedha. Kwa masikio ya dunia, hiyo ni biashara safi. Lakini Nabothi alijua kwamba shamba lile si mali ya kuuza tu. Ni urithi wa baba zake, waliopewa na Bwana. Ahabu aliona mahali pa kupanda mboga. Nabothi aliona agano. Na baada ya Nabothi kukataa, ndipo barua zilipoandikwa, muhuri wa mfalme ukapigwa, wazee wa mji wakakusanywa, na kila kitu kikafanyika kwa utaratibu wa sheria. Liverpool haikumwaga damu ya mtu, tusiseme lisilokuwapo. Lakini kosa la kwanza la Ahabu, la kudhani kwamba aliyetoa bei amekwisha kuuliza, hilo lilifanyika Capel Celyn.

Watu wa bonde walifanya nini? Hawakukaa kimya wakisema, «Tumwachie Bwana». Walimwachia Bwana, wakasimama pia. Waliunda kamati ya kutetea kijiji. Mwenyekiti wake alikuwa Dafydd Roberts, shemasi wa kapela. Novemba 1956 alikwenda pamoja na mchungaji na mwalimu wa historia ya Kanisa, R. Tudur Jones, na mwanasiasa Gwynfor Evans, mbele ya baraza la mji wa Liverpool. Walipojaribu kusema, madiwani walipiga kelele na kugonga meza, wakatolewa nje. Wiki mbili baadaye, tarehe 21 Novemba, karibu kijiji kizima kilipanda mabasi, kikaenda Liverpool, wazee na watoto, wakatembea barabarani na mabango yao, kwa amani. Fikirini watoto wa shule ya kijijini, ambao wengine hawajapata kuona mji mkubwa, wakitembea kati ya umati kuomba nyumba zao zisizamishwe.

Bungeni, Wales ilikuwa na wabunge 36. Hakuna aliyeipigia sheria ile kura ya kuikubali. Lakini walikuwa wachache kati ya wabunge zaidi ya 600, na sheria ikapita mwaka 1957. Wapendwa, kuna wakati umoja wa watu wanyonge hautoshi kushinda kura. Lazima tuseme hivyo, maana tunawahubiria watu walioomba, waliofunga, walioandika barua, na bado nyumba zao zikabomolewa. Kushindwa kwao si dalili kwamba hawakuwa na imani. Nabothi naye alikuwa na haki, na alikufa.

Tarehe 28 Septemba 1963 ibada ya mwisho ilifanyika ndani ya kapela. Kisha ikabomolewa. Familia za marehemu ziliulizwa kuhusu makaburi. Miili 8 ilifukuliwa na kuzikwa mahali pengine, na iliyobaki ikafunikwa kwa zege kabla ya maji kuja. Nyumba na mashamba 12 yalipotea, pamoja na shule, posta na kapela. Kati ya wale watu 67, watu 48 walikosa makao. Zaidi ya hekta 300 za ardhi zilikwenda chini ya maji.

Wakati huo vijana wengine walichoka na amani. Mwaka 1963 bomu lililipuka mahali pa ujenzi, na mwanafunzi mmoja akafungwa mwaka mmoja. Baraji halikusimama. Tuwaambie vijana wetu hivyo hivyo: hasira ina sababu yake, lakini baruti haikuokoa jiwe hata moja la kapela ile.

Tarehe 21 Oktoba 1965 wakubwa walikuja kufungua baraji. Waandamanaji walikata nyaya za vipaza sauti, na sherehe ikaisha baada ya dakika chache tu. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kujaa.

Je, hadithi iliishia hapo? Hapana. Mtu mmoja aliandika kwa rangi kwenye ukuta mbovu kando ya barabara, mbali na bonde, maneno mawili ya Kiwelisi: Cofiwch Dryweryn, yaani, kumbukeni Tryweryn. Maneno hayo yamefutwa, yamevunjwa, na kila mara watu wameyaandika tena. Mwaka 1966 Gwynfor Evans, yule aliyetolewa nje ya baraza, alichaguliwa kuwa mbunge wa kwanza wa chama chake. Na Oktoba 2005, miaka 40 baada ya baraji kufunguliwa, baraza la mji wa Liverpool liliomba msamaha hadharani. Shemasi anaweza kunyamazishwa kwa kelele za meza. Ushuhuda wake haunyamazishwi.

Sasa turudi nyumbani. Sisi watu wa Katanga tunajua maana ya baraji. Mwadingusha kwenye Lufira, Nzilo kwenye Lualaba: maji yalifunikwa juu ya ardhi ili umeme uende kwenye migodi na viwanda. Na siku hizi, Kolwezi na kwingineko, shaba na kobalti ziko chini ya mitaa wanamokaa watu. Mara ngapi tumeona msalaba wa rangi nyekundu ukipakwa ukutani, na si msalaba wa Yesu, bali alama ya kubomoa? Na mara ngapi kati ya nyumba hizo kulikuwa na kapela ya mabati iliyojengwa kwa matoleo ya akina mama wauza mboga?

Kwa hiyo nasema mambo matatu.

La kwanza: wachungaji, tusiwe wa mwisho kujua. Mwenyekiti wa kamati ya Capel Celyn alikuwa shemasi. Tunzeni hati za kiwanja cha kanisa. Andikeni majina ya waliozikwa, na mahali walipozikwa. Code minier iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai fidia kwa wanaoondolewa, na inadai kampuni ya mgodi ipatane na wenyeji juu ya cahier des charges. Mchungaji asiyejua hayo atawaombea watu vizuri, lakini siku ya kikao ataketi kimya.

La pili: tusiwe wazee wa Yezreeli. Barua ya Yezebeli isingefanya kitu kama wazee wa mji wa Nabothi wangekataa kuketi kwenye kile kikao. Mchungaji akipewa bahasha ili awaambie waumini wake watoke kimya kimya, ajue ni karamu gani ameketi.

La tatu: kama mwisho wake ni kuondoka, tuondoke na mawe. Katika Yoshua 4, Bwana hakuwaambia Israeli wavuke Yordani tu. Aliagiza watu 12 watoe mawe 12 katikati ya mto, wayaweke mahali pa kulala, ili watoto wao wakiuliza maana yake, wazazi wawe na jibu. Maji yalirudi yakafunika njia. Mawe yalibaki. Watu wa Capel Celyn hawakuweza kuokoa kapela, lakini mawe ya makaburi yalitolewa, na leo mtoto akiuliza kando ya ziwa lile, kuna jibu. Sisi tuna nini cha kuonyesha kutoka kwa makanisa yaliyobomolewa? Tuna kitabu cha ubatizo? Tuna picha? Tuna mzee anayeweza kusimulia nani alianzisha sala ya kwanza chini ya mwembe gani? Tukikosa hayo, tingatinga litachukua kuta, na sisi wenyewe tutakuwa tumelikabidhi yaliyobaki.

Jumapili hii, kila kanisa linalosoma karatasi hii liwaombe wazee wake wawili au watatu waeleze mwanzo wa kanisa lao, na kijana mmoja aandike. Ni kazi ya saa moja tu.

Tuombe. Baba, uliyemwona Nabothi alipokuwa peke yake, waone leo wote walioamka na alama ya rangi kwenye ukuta wao. Uwape viongozi wetu masikio ya kuuliza kabla ya kuchukua. Utupe sisi wachungaji moyo wa kusimama na watu wako, tukishinda na hata tukishindwa. Na maji yakifunika tulipojenga, utukumbushe kubeba mawe. Katika jina la Yesu. Amina.