Mdogo Aliyebaki

Mwaka 1956, George Adamson alimuua simba jike aliyemvamia, kisha akakuta ameacha watoto watatu. Yeye na mkewe Joy wakawapeleka wawili wakubwa kwenye zoo ya Rotterdam. Mdogo kabisa, Elsa, wakabaki naye. Kaburi lake liko hapa kwetu, Hifadhi ya Meru.

Huyo dunia nzima ilimpenda. Lakini mimi nikitaka kambwa ka kufuga bedsita, hapa Makutano, naambiwa mbwa ni wa kulinda boma. Sawa tu. Ukienda kuchagua, Meru ama Embu, omba kwanza kumwona mama yake: kila mtoto ni mdogo, hata Elsa alikuwa. Na udogo hauzuii kichaa cha mbwa, kwa hivyo sindano ni lazima.