Moto na Akiba katika Unyanyembe

Tusikiapo habari za kubana matumizi ya nishati nyumbani, mara nyingi hudhani kuwa elimu hiyo imeletwa na wataalamu wa siku hizi, pamoja na majiko yao na vipeperushi vyao. Historia ya Tabora yatuonyesha vinginevyo. Mtaa wa Chemchem umo katika mji uliokuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19: njia moja ikielekea Ujiji, nyingine ikipanda Karagwe na Buganda, na ya tatu ikishuka Bagamoyo. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga, na Wanyamwezi wamekwisha kuwa mabingwa wa upagazi.

Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au zaidi, na posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Jioni wapagazi walijigawa katika makundi madogo, kila kundi chungu kimoja na moto mmoja. Huyu aliteka maji, yule aliokota kuni, wa tatu alipika. Hatudai kuwa walifanya hivyo kwa upendo tu. Mioto kumi kwa watu kumi ni kazi mara kumi, na aliyetembea tangu alfajiri hana nguvu za kuchezea.

Lakini hekima iliyo kubwa zaidi twaiona katika viazi vitamu. Michembe ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi. Hivyo lazima vipikwe baadaye. Matobolwa ni kitu kingine. Viazi huchemshwa kwanza, vikakatwa, kisha vikaanikwa mpaka vikauke kabisa. Moto huwashwa mara moja tu. Kazi iliyobaki hufanywa na jua, ambalo halidai malipo. Chakula hicho hutiwa mfukoni na kutafunwa njiani bila kuwasha hata kijiti. Wako wasemao kuwa jina la Tabora limetokana na matobolwa hayo. Wengine hawakubali, nasi hatutawaamulia, ila tungependa iwe kweli.

Nyumba nayo ilijengwa kwa akili hiyo hiyo. Pale Kwihara, alipokaa Livingstone mwaka 1872, msomaji aweza kuona mfano wa tembe: kuta nene za udongo zisizoruhusu joto la mchana kuingia upesi, wala la usiku kutoka upesi. Leo twaezeka bati juu ya kuta nyembamba, kisha twanunua feni.

Hata hivyo tusiwapambe wahenga kupita kiasi. Aliyebana kuni nyumbani alikuwa mwanamke, kwa sababu ndiye aliyezibeba kichwani. Vijiji vilipokusanywa kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wengi waliwekwa mahali pamoja, miti ya karibu ikapungua, na safari ya kuni ikarefuka. Sisi tuliosoma baada ya hapo twakumbuka tulivyotakiwa kwenda shuleni na mzigo wa kuni za jikoni. Hatukumbuki kuulizwa tulizipata wapi.

Hapo pia pana dhuluma ya lawama. Mama mwenye mafiga matatu amesemwa sana kuwa ndiye amalizaye miyombo. Lakini baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuanguka huko Urambo, tumbaku ilishika nafasi, na mabani ya kuikaushia hula magogo mchana na usiku. Mji nao ulikua baada ya reli kufika mwaka 1912, na wakazi wake wakataka mkaa. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo 100 za kuni hazitoi zaidi ya kilo 20 za mkaa. Sehemu kubwa ya moto huteketea porini kabla hata sufuria haijatengwa.

Serikali ilipiga marufuku mkaa mwezi wa Januari 2006, na baada ya muda mfupi amri hiyo ikaondolewa, kwani watu hawakuwa na kitu kingine cha kupikia. Mkakati uliozinduliwa mwaka 2024 umechukua njia tofauti: wataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Twauunga mkono. Ila mwenye kununua mkaa kwa kopo, ambaye kwa hesabu ya mwezi hulipa zaidi kuliko mwenye kununua gunia, hawezi kutoa fedha za mtungi wa gesi kwa siku moja. Ndiyo maana wako akina mama wachezao upatu, kila mmoja akapata mtungi wake kwa zamu. Na akiisha kuupata, gesi huwa ya chai na ya mboga; maharage huyaloweka tangu usiku, akayafunika vizuri, akayaachia makaa.