Ajam ya Udi, Meja ya Gitaa

Kojani ni kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya mashariki ya Pemba, wilaya ya Wete. Nyumba zimebanana, ardhi ya kulima ni haba, riziki hutoka baharini. Ndiyo maana Wakojani wamejulikana kwa dago: hufunga safari, wakapiga kambi ufukweni na kuvua mbali na kwao, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Mafia. Ukitaka kujua gitaa liliingiaje katika muziki wa watu hawa wa bahari, fuata njia zao za majini.

Lakini skeli, yaani ngazi ya sauti, ilitangulia gitaa. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze ganuni, ili aje kumtumbuiza na kuwafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichodumu hadi leo. Pamoja na ganuni na udi zilikuja maqam, yaani utaratibu wa kupanga sauti: rast, bayati, hijazi, nahawandi, ajam.

Ajam ndiyo skeli ya meja. Mpigaji hupanda hatua nzima, nzima, nusu, kisha nzima, nzima, nzima, nusu, hadi afike sauti ya kuanzia, juu zaidi. Kwenye gitaa mwanafunzi huihesabu kwa vidole. Huanza na uzi wa tano kwenye kifungu (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) cha tatu, ndiyo do. Uzi wa nne ukiwa wazi ni re, kifungu cha pili ni mi, cha tatu ni fa. Uzi wa tatu ukiwa wazi ni so, kifungu cha pili ni la. Uzi wa pili ukiwa wazi ni ti, na kifungu cha kwanza ni do ya juu. Sauti nane, nyuzi nne, na mkono haujahama.

Walimu wa udi hawakuhesabu hivyo.

Mwanafunzi alikaa karibu na fundi, akasikiliza, akaiga, akarekebishwa. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri zao ziliongeza mwalimu mwingine: sasa mtu aliweza kuurudia wimbo mara kumi mpaka vidole vikubali. Redio nayo ikafuata. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na mwaka uliofuata mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Katanga, akiimba kwa Kiswahili na kulipiga gitaa moja kana kwamba ni mawili.

Tanga, ng'ambo ya pili ya mkondo wa Pemba, ndiko gitaa lilikoiingia taarabu kwa nguvu. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club waliweka magitaa ya umeme na besi mbele, wakachanganya na mapigo ya dansi. Sauti ya mwimbaji wao Shakila ikasikika pwani nzima. Hapo skeli ya meja ilipata nafasi kubwa, na sababu moja imo kwenye shingo ya chombo chenyewe. Udi hauna vyuma shingoni, kidole hutua popote. Gitaa lina vyuma, na kila kifungu ni nusu hatua kamili. Ajam inaingia humo bila shida. Rast haiingii: sauti yake ya tatu na ya saba hukaa katikati ya vifungu viwili, na mpigaji hulazimika kuuvuta uzi kutoka kifungu cha chini ili kuikaribia.

Mwaka 2002 Mji Mkongwe ulipata chuo cha muziki kiitwacho Dhow Countries Music Academy (DCMA), kilichoanza kufundisha udi, ganuni na fidla darasani, nota zikiwa ubaoni. Kwa mara ya kwanza visiwani, kijana asiye na fundi wa kumsogelea aliweza kujiandikisha kama anavyojiandikisha kwa hesabu. Tatizo la Mkojani ni umbali: chuo kiko Unguja, na kufika ni lazima apande boti au ndege.

Hata hivyo mtoto wa Kojani haanzi na sikio tupu. Madrasani husoma Kurani kwa mahadhi, maulidini husikia kasida, na mahadhi hayo yanapita kwenye maqam zilezile. Kwa hiyo anayetaka kumfundisha gitaa aanzie hapo: amwimbishe ajam kwanza, kisha amwonyeshe vidole vyake vikae wapi. Na wazee wa Wete na Chake Chake wanaojua rast na bayati warekodiwe sasa, majina ya maqam yakitajwa, ili kijana wa Pemba apate mwalimu bila kulipa nauli ya boti.